Kopo la Shahidi

Jumapili, 4 Juni

Mume wangu,

Nimeandika maneno hayo mawili kisha nikaweka kalamu chini niyatazame. Mume. Wangu. Nimeyasoma kwa sauti mpaka mama yako akauliza kutoka jikoni nazungumza na nani. Nikamjibu nazungumza na mwanawe. Akasema mwanawe yuko mbali anaendesha maharusi wa watu, kwa hiyo nije nimenye vitunguu.

Najua mkataba na hoteli ni wa msimu mzima, na najua gari la farasi la maharusi halijivuti lenyewe. Lakini kumchukua bwana harusi akabebe harusi za wengine kabla pete haijazoea kidole cha mkewe ni uonevu, na siku moja nitamwambia huyo meneja ana kwa ana. Simu haishiki huko ulipo, nami nimefurahi. Simu ni ya kuuliza umefika wapi. Barua naweza kulala nayo chini ya mto. Dereva wa lori la majani makavu, anayeleta mzigo kwetu kisha kwenu, amekubali kuwa tarishi wetu, ila ameomba nisinyunyizie bahasha manukato tena, maana mara ile lori zima lilinukia na mkewe akamuuliza maswali.

Sasa habari ya nyumbani. Juzi asubuhi mama alinikabidhi kopo. Hukuwahi kuniambia kuhusu kopo! Nilidhani ananipa la kuchotea maji. Kumbe kila anayeolewa katika nyumba hii hupewa kopo lile lile la bati, lenye mdomo uliobonyea na mkono wa waya, na pamoja nalo hupewa hori la farasi mmoja. Kuanzia hapo anachokula farasi huyo ni juu yake. Mama alipewa na mama mkwe wake. Nami nimepewa hori la Shahidi.

Wangenipa farasi mwingine yeyote ningeshukuru. Kunipa Shahidi kulinitoa machozi. Si ndiye aliyetuvuta siku yetu? Si wewe uliyembadilisha jina siku hiyo hiyo, kwa sababu yeye peke yake alisikia ulichoninong'oneza pale tulipopanda garini? Sitaliandika neno hilo hapa, dereva anaweza kuwa mpekuzi. Unalikumbuka.

Nikaingia stoo na kopo langu kama malkia. Kuna mahindi yaliyoparazwa, shayiri, pumba za ngano, majani ya lusini yaliyokaushwa, na ule mfuko wa chakula kilichochanganywa na molasi unaonukia kama keki. Nilichovya pua katika kila gunia. Ingekuwa kuchagua kwa pua, Shahidi angekula molasi mpaka uzeeni.

Lakini nilipomtoa bandani alikuwa anatembea kama mtu aliyevaa viatu vipya vya kubana. Anaegemea nyuma, anakwepa kukanyagia miguu ya mbele. Nikashika kwato, zina moto. Fundi wa kwato alikuja kuzipunguza, akashika kama mimi, akaniambia nafaka ndiyo inayomuunguza miguu kwa ndani. Atolewe mahindi, atolewe shayiri, na ule mfuko wa keki hata asiunuse. Majani makavu peke yake, tena yalowekwe maji yatoke utamu, na chini apate mchanga laini wa kusimamia.

Nilipomweleza mama, alicheka. Alisema alikuwa analisha farasi wakati fundi huyo bado anafutwa pua. Anataka Shahidi anawiri, ang'ae, mwisho wa Agosti avute gari la wifi yangu siku ya harusi yake. Asipovuta siku hiyo, amesema, kuna mwenye machimbo ya kokoto anayemtaka.

Machimbo, mume wangu. Shahidi wetu akavute kokoto, na miguu ile.

Basi nimeamua. Kopo langu litakaa tupu na Shahidi atakula majani. Niambie umefurahi.

Mkeo anayekupenda kupita kiasi,
na wala hatapunguza kiasi.


Jumapili, 11 Juni

Mke wangu, ua la stoo yetu,

Barua yako nimeisoma nikiwa juu ya gari huku maharusi wanapigwa picha kwenye ngazi. Bibi harusi akaniuliza nacheka nini. Nikamwambia nami nina wangu.

Hapa ni kuvaa koti jeusi na kofia, kutabasamu, kuzunguka bustani ya hoteli, kurudi. Farasi wawili niliokuja nao wananenepa. Mimi nakonda kwa kukuwaza.

Kuhusu Shahidi, usiwe na wasiwasi mwingi. Farasi hushikwa miguu na huachiwa. Fundi yule ni mzuri kwa tupa na nyundo, ila ana maneno. Lakini kopo ni lako, nami sikuoa mtu ili nimshikie mkono. Amua wewe. Ukisema majani, ni majani. Unakumbuka nilichokunong'oneza, nami nakikumbuka.

Busu la kulia ni lako, la kushoto mpe Shahidi puani.

Wako,
Mwenye Hatamu.


Jumapili, 11 Juni

Shikamoo Mama,

Natumaini mgongo umepoa. Bahasha hii ni yako peke yako, usimpe mke wangu asome.

Mama, ana moyo mzuri na anampenda yule farasi kama mtoto. Lakini amesikia maneno ya fundi na sasa anataka kumlisha Shahidi majani yaliyolowekwa kama nguo. Farasi wa kazi, Mama, kwa majani ya kulowekwa. Sikutaka kumvunja moyo, ndio kwanza ameingia nyumbani, kwa hiyo nimemwambia aamue yeye.

Naomba wewe, jioni akiwa anaoga, mtilie Shahidi kopo moja la mahindi kwa niaba yangu. Moja tu. Kila nikifikiria anashinda na njaa nakosa raha. Mwambie Shahidi linatoka kwangu, anaelewa.

Mwanao.


Jumapili, 25 Juni

Mume wangu, Mwenye Hatamu za moyo wangu,

Barua yako imeanza kuchanika kwenye mikunjo. "Sikuoa mtu ili nimshikie mkono." Nimemsomea wifi mstari huo akanirushia mto, akasema akiolewa naye atataka mume anayeandika. Nikaona pia bahasha ya mama. Nilifurahi. Mwanamume anayemkumbuka mama yake kwa bahasha yake mwenyewe, huyo nimempata mimi.

Ila mambo hayaendi. Kila asubuhi naloweka majani kwenye pipa, nayanyanyua yanachuruzika mpaka kifuani, nayatundika kwenye wavu. Mchanga nimeumwaga mwenyewe, kitoroli kwa kitoroli, viganja vyangu sasa vimekuwa kama vyako. Kopo limetundikwa msumarini, tupu. Na bado kwato zina moto. Jana Shahidi alikataa kutoka mlangoni. Alisimama akanitazama kwa namna ambayo sikuweza kula chakula cha mchana.

Wanaopita wanasimama ukutani kunihurumia kwa sauti kubwa. Muuza maziwa aliuliza kama farasi amefunga. Jirani mwenye duka alisema alikuwa hajui kuwa siku hizi farasi wanafuliwa chakula. Mama hasemi kitu, na kunyamaza kwa mama unakujua, kunajaza nyumba kuliko redio. Mezani juzi alisema tu, bila kumtazama mtu, kwamba alipoingia nyumba hii watu walihesabu mbavu za farasi kutoka barabarani, na aliapa hawatazihesabu tena akiwa hai.

Nilimwita tena fundi. Alichunguza, akakuna kichwa, akauliza kama nina hakika halishwi kitu kingine. Nikamwambia kopo liko msumarini, mwenyewe nimelitundika. Akasema basi haelewi. Akasema pia, kwa sauti ya chini, kwamba ikiendelea hivi mfupa wa ndani ya kwato utashuka, na hapo hatakuwa farasi wa harusi wala wa kokoto.

Nimeanza kujitilia shaka. Nilie kwa nani kama si kwako? Nipunguze nini sasa, maji?

Lakini sirudishi mahindi. Nataka ujue hilo. Hata wakisimama ukutani mtaa mzima.

Mkeo, ambaye mtaa umeanza kumwita Bibi Kopo Tupu.


Jumapili, 2 Julai

Mume wangu,

Leo nitaandika kwa ufupi.

Jumatano nilikuwa nasafisha banda. Kwenye mavi ya Shahidi nikaona punje za mahindi. Nikachutama nikazitazama kama mtu aliyeokota shanga za mwanamke mwingine chumbani mwake. Farasi ambaye hajapewa mahindi mwezi mzima anayatoa wapi?

Kwanza nilimuuliza wifi. Akalia papo hapo. Kumbe kila asubuhi humpelekea kipande cha mkate kilichochovywa molasi, kwa sababu ndiye atakayevuta gari lake na hataki amchukie. Nikamkumbatia, nikamwambia mkate sio mahindi.

Nikaenda kwa mama. Alikuwa anachambua mchele. Hakuzunguka. Alisema ndiyo, humtilia kopo moja jioni, kwa heshima ya nyumba. Kisha akaendelea kuchambua. Nikasema mavi yale si ya kopo moja. Akasema, "La pili si langu. La pili muulize mumeo."

Nimekaa na sentensi hiyo tangu Jumatano.

Kwa hiyo yule mnyama alikuwa anakula mkate wa wifi, kopo la mama na kopo lako, juu ya majani yangu. Wote mnampenda. Mnampenda mpaka miguu inamuungua, na kila mmoja anadhani ni yeye peke yake anayempa kidogo tu. Na mimi nilisimama mbele ya fundi nikiapa kwa jina langu.

Ulinong'ona, siku tunapanda gari, kwamba ndani ya nyumba yako neno langu halitarudishwa nyuma. Naliandika sasa, dereva akitaka asome. Shahidi alisikia.

Nimenunua kufuli. Stoo imefungwa. Ufunguo uko kwenye uzi shingoni mwangu, chini ya nguo, pale unapojua wewe.

Bibi Kopo Tupu.


Jumapili, 9 Julai

Mke wangu,

Umenikasirikia kwa sababu ya kopo la mahindi. Sawa, nilikosea kupitia kwa mama. Nilitaka kukuepushia ugomvi, sikutaka kukudanganya.

Lakini kufuli? Stoo ile aliijenga babu yangu na haijawahi kuwa na kufuli. Mama yangu asimame mbele ya mlango uliofungwa, katika nyumba aliyoiongoza tangu sijazaliwa? Watu watasema nini? Mimi nimekulia chini ya matumbo ya farasi, mke wangu. Wewe umewajua tangu siku ya harusi. Nasema kwa upendo.

Fungua stoo. Mrudishie mama heshima yake. Mpe Shahidi kopo moja la shayiri ikiwa mahindi yanakutisha, shayiri ni laini. Nikirudi kwa harusi tutakaa tuzungumze taratibu.

Mumeo.


Jumapili, 16 Julai

Mume wangu mpenzi, maana bado ni mpenzi na hilo halikufungwa kwa kufuli,

Sifungui.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimeketi kwenye ndoo bandani, Shahidi akipumua juu ya kichwa changu. Nilipofika kwenye "nasema kwa upendo" alinipiga chafya shingoni. Nimeihesabu kuwa ni jibu lake. Langu ni hili.

Kweli nimewajua farasi tangu siku ya harusi. Nawe umenijua mimi tangu lini? Ulinichumbia mwaka jana, na tayari unajua napenda upande gani wa kitanda, naogopa nini, nacheka na nini. Mtu akitazama kwa mapenzi hujifunza haraka. Mimi namtazama Shahidi. Najua anapoinua mguu wa kushoto kabla ya wa kulia kuwa siku itakuwa mbaya. Najua harufu ya pumzi yake akiwa na maumivu. Unataka nikusikilize wewe uliye mbali nisimsikilize yeye aliye hapa?

Shayiri ni laini kwa meno. Kwa kwato zake haina tofauti na mahindi, nimemuuliza fundi, na nitamuuliza daktari wa mifugo akipita, na wote wakiniambia nimekosea nitafungua mlango nikipiga magoti. Lakini sitaufungua kwa sababu babu yako hakuwa na kufuli. Babu yako, nimeambiwa, alikuwa na farasi wenye mbavu zinazohesabika.

Kuhusu mama. Siku niliyofunga, nilimpelekea ufunguo kwanza. Hilo hukulijua, kwa sababu sikukuandikia. Niliuweka mezani mbele yake nikamwambia: Mama, kopo ulinipa wewe. Ukitaka nikurudishie, chukua na kopo na ufunguo sasa hivi, nami sitanung'unika. Lakini ukiniachia, niachie lote. Alimaliza kwanza kupanga sahani. Kisha akausogeza kwangu kwa kidole kimoja, akaniambia niutoe mezani chakula kinakuja.

Basi huo ndio ukosefu wa heshima unaousikia huko ulipo.

Ningeweza kukuambia nakupenda nisiandike mengine, na ungefurahi zaidi. Nakupenda, na sifungui. Nimejaribu kuziandika sentensi hizo kila moja peke yake nikaona zinapendeza zikiwa pamoja.

Mkeo,
Bibi Kopo Tupu (sasa natia sahihi hivyo kwa hiari yangu).


Jumapili, 13 Agosti

Mwanangu,

Mkeo amesema hujamwandikia tangu tarehe tisa Julai. Kila Jumatatu lori likija yeye hutoka nje kwa kasi, kisha hurudi taratibu akisema alitaka tu kuangalia ubora wa majani. Huyu ni mtu aliyekuwa akiimba barua zako jikoni mpaka nikazijua kwa moyo. Mimi ni mama yako lakini hapo sikusifu.

Nakuandikia kuhusu kopo, na sitaandika tena.

Nilipopewa lile kopo nilikuwa mdogo kuliko yeye. Nilichukia mbavu zile. Nikalisha mpaka farasi wa nyumba hii wakawa wanang'aa kama viatu vya askari, na watu walipokuja kukodi gari walikuwa wanamsifia farasi kabla ya kuuliza bei. Wengine walishikwa miguu. Tulisema ni barabara, ni mvua, ni umri. Hakuna aliyesimama mbele yangu akaniambia ni mkono wako, Mama. Mkeo alisimama. Aliniwekea ufunguo mezani mbele yangu, na hakurudi nyuma.

Sikukubaliana naye. Niliacha kumtilia kopo ili nione farasi akifa kwa njaa halafu niseme. Nilijipa mwezi.

Ijumaa Shahidi alitoka bandani mwenyewe. Alivuka ua, pale kwenye mawe anapopakwepa, akaenda mpaka kwenye kivuli cha pipa, akageuka akarudi. Amepungua tumbo, mbavu ukibonyeza unazipata. Nimemshika kwato mimi mwenyewe wakati mkeo yuko dukani. Zilikuwa baridi kama sufuria iliyolala.

Sasa sikiliza. Mwenye machimbo nimemwambia asije. Na dada yako nimemwambia gari lake watalivuta hao wawili ulio nao, kwa sababu mkeo amesema Shahidi havuti mwaka huu, hata mimi nikisema. Nilisema, na havuti. Atatembea mbele ya gari, bila mzigo, na maua shingoni. Mwanzoni niliona aibu, sasa naona itapendeza.

Njoo harusini. Usije na shayiri mfukoni, nakujua tangu ukiwa mdogo. Na kabla ya kuja mwandikie mke wako, hata mstari mmoja.

Wala usiniombe tena kumtilia mtu kitu kwa niaba yako. Ukitaka kujua farasi anakula nini, ufunguo hauko kwangu.

Mama yako.


Jumapili, 3 Septemba

Mume wangu, wangu, wangu,

Umeondoka jana tu na tayari nimeharibu karatasi tatu, kwa sababu kila moja ilianza na jina lako na haikuendelea.

Nimeuweka ule mstari wako mmoja chini ya kioo cha meza. "Nilinyamaza kwa kuwa sikuwa na jibu, nitakuja nilitafute hapo." Wifi anasema ni mfupi. Nikamwambia hajui kusoma.

Ilikuwa harusi nzuri, si ndiyo? Ulivyoingia uani na gari, na mimi nimesimama na Shahidi mbele, nilijisahau nikadhani ni sisi tunaooana tena. Jirani mwenye duka aliuliza mbona bibi harusi havutwi na yule farasi mweupe niliyemshika. Nilikuwa nafungua mdomo nimjibu, mama akanitangulia. Alisema yule mweupe ni mgeni wa heshima, na wageni wa heshima hawabebeshwi mizigo, kwani dukani kwake wanabebeshwa? Nilitaka kumbusu mbele ya watu wote. Nilimbusu baadaye jikoni, akanipa vitunguu.

Na pale sherehe ilipokuwa imepamba moto, uliponijia mkono umeunyoosha, ukacheka, ukasema mbele ya wajomba zako wote, "Bibi, ufunguo. Farasi ametembea vizuri, nimpe zawadi." Nilijua wote wanatazama. Niliogopa, ujue. Nilisema hapana nikiwa nimekushika shati. Wajomba walipiga mluzi. Ulinitazama mpaka nikahisi pete imekaza, halafu ukaniuliza taratibu, "Basi nimpe nini?"

Nilikupa majani ya kulowekwa, fungu zima, yakakuchuruzikia koti jeusi la hoteli mpaka kwenye vifungo. Nawe ukayabeba.

Hadithi ingeishia hapo ningefurahi. Lakini kuna kitu ambacho hujui nilikiona. Jana asubuhi kabla hujaondoka ulisema unaenda kukaza magurudumu. Nilikuwa dirishani nachana nywele. Ulikwenda moja kwa moja kwa Shahidi. Alikunusa mfuko wa kulia wa koti, akakunusa wa kushoto, akarudia wa kulia, kama anayejua anachotafuta.  Nilishika ufunguo kifuani nikasema, sasa atatoa shayiri.

Ukaivuta mifuko yote miwili nje, ikaning'inia kama masikio, ukampanulia mikono umwonyeshe kuwa hamna kitu. Ukamwambia jambo sikioni. Alisikia yeye peke yake.

Sikuulizi lilikuwa nini. Ufunguo bado uko shingoni, na utabaki hapo. Njoo mapema.

Mkeo,
Bibi Kopo Tupu.